Kutoka Goma Hadi Makindu: Jina na Sufuria

Habari za Makindu mjini Goma huletwa na madereva wa malori. Mafuta ya kupikia, mitumba, vipuri vya pikipiki, sehemu kubwa ya vitu vinavyopangwa kwenye vibanda vya Birere imeshuka bandarini Mombasa, ikapita Nairobi na Kampala kabla ya kutufikia. Dereva anayeijua njia hiyo atakuhesabia mizani, vizuizi vya polisi, mahali pa kulala na mahali pa kupita mbio. Akifika Makindu, kati ya Mombasa na Nairobi, sauti yake inalegea. Pale kando ya barabara, atakwambia, kuna hekalu la Makalasinga. Unaegesha gari, unanawa, unakula ukashiba, ukitaka kulala unapewa kitanda, wala hakuna anayekuuliza dini yako au mfukoni una kiasi gani.

Mimi Makalasinga nilikuwa nimewajua kwa njia nyingine. Niliwahi kuwa mkalimani wa vikosi vya Umoja wa Mataifa, zama zile brigedi ya Wahindi ilipokuwa na makao yake Goma. Walikuwemo Makalasinga wachache, Masikh ambao wengine huwaita Masingasinga, wakivaa vilemba vya buluu mahali ambapo wenzao walivaa kofia. Mmoja wao alikuwa mtu mzima, ndevu zimeanza mvi. Kabla ya doria, giza bado totoro na jenereta zikinguruma, alikuwa akikaa kwenye kiti cha plastiki, macho yamefumbwa nusu, midomo ikicheza bila sauti. Kisha aliinuka kwenda kubeba madumu ya maji pamoja na vijana wake, na midomo ikaendelea vilevile. Nilimwita Papa, kama tunavyowaita watu wa umri wake huku kwetu, naye akaniita beta, mwanangu. Siku moja nilimuuliza anasema nini. Akanijibu kwamba analikumbuka Jina, jina la Mungu. Nilipotaka kujua ni dua ya kuomba nini, alitikisa kichwa: haiombi kitu, inakumbuka tu.

Najua hasira ya mji wangu kwa MONUSCO, kikosi hicho cha Umoja wa Mataifa. Julai 2022 ilimwagika barabarani na watu wakapoteza maisha, raia na askari. Hapa sikitetei kikosi wala sikihukumu. Ninamzungumzia mtu mmoja na jambo alilokuwa akilifanya kabla hakujapambazuka, kwa sababu jambo hilo lilinirudia miaka mingi baadaye, wakati nilipolihitaji.

Mwishoni mwa Januari 2025 kundi la waasi la M23 liliingia Goma. Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa watu waliouawa katika siku zile walikaribia 3,000. Uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafungwa, kambi za wakimbizi zilizouzunguka mji zikavunjwa. Milio ilinyamaza mitaani, lakini haikunyamaza vichwani. Watu wengi wa mtaa wetu walianza kuamka saa tisa usiku na kubaki wamekodoa macho hadi asubuhi. Wengine walikwenda kwenye mikesha ya maombi, wakalia na kupaza sauti mpaka koo zikakauka. Siwalaumu hata kidogo, nami nilikwenda. Ila mwili wangu ulikuwa umechoka na sauti kubwa, hata ile ya kumwita Mungu. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule mzee wa madumu ya maji. Saa tisa usiku, saa ambayo sisi tulikuwa tukiamshwa na hofu, yeye alikuwa akiamka kwa hiari. Nilitaka kuona mahali ambapo watu huipokea saa hiyo kama mgeni wao. Nikafunga mkoba kwenda Makindu.

Njia yenyewe nitaipita haraka. Nilivuka Grande Barrière kwa miguu hadi Gisenyi, nikapanda basi la Kigali katika zile kona zinazopanda na kushuka milima ya chai na viazi, kisha basi la usiku kupitia Gatuna. Kampala nilipumzika na kunyoosha miguu Old Kampala, mtaa ambao Wahindi waliujenga kwa vizazi viwili vitatu. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 za kuondoka Uganda. Gurdwara za Masingasinga, nyumba zao za ibada, zilibaki bila wenyewe, na waliorudi baadaye walianza upya na idadi ndogo ya waumini. Mtu wa Goma haelezwi maana ya kuufunga mlango wa nyumba bila kujua kama utaufungua tena.

Nairobi ina gurdwara kadhaa, na jambo moja lilinihuzunisha huko. Nyingine zinajulikana kwa majina ya makundi ya watu, mafundi upande huu, wengine upande ule, ilhali Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, alifundisha waziwazi kwamba tabaka la kuzaliwa si kitu mbele ya Mungu. Walipovuka bahari, watu walibeba na mizigo ambayo mwalimu wao aliwaambia waitue. Na katika Kenya ya kikoloni, iliyowapanga watu kwa rangi, jumuiya nyingi za Waasia zilijifungia ndani ya mipaka yao. Lakini jumuiya hiyohiyo ilimzaa Makhan Singh, mpigania haki za wafanyakazi, ambaye Aprili 1950 alisimama hadharani Nairobi kudai uhuru wa Afrika Mashariki mara moja. Mwezi uliofuata alikamatwa, na Waingereza hawakumwachia hadi 1961.

Kutoka Nairobi barabara ya Mombasa inateremka taratibu. Salama, Sultan Hamud, Emali, Kiboko. Ardhi inakuwa nyekundu, mibuyu inaanza, na upande wa kulia vinajitokeza vilima vya Chyulu. Nilivitazama kwa muda mrefu dirishani. Sisi tuliozaliwa chini ya Nyiragongo tunakijua kilima cha volkano hata kikiwa kimevaa majani. Vile ni vilima vichanga kwa hesabu ya dunia, na mawe yake meusi ni ndugu wa yale tunayojengea nyua zetu baada ya milipuko ya 2002 na 2021.

Makindu ni mji mdogo wa Ukambani, wenye vituo vya mafuta, maduka na malori yaliyopumzika. Gurdwara iko kando ya barabara kuu, nyeupe, yenye kuba na bendera ndefu juu ya mlingoti uliovishwa kitambaa. Jengo lilisimamishwa mwaka 1926, ila ibada ya mahali pale ni ya zamani zaidi. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walijenga reli kutoka Mombasa hadi ziwani, mahali panapoitwa leo Kisumu, na kwa kazi hiyo waliwaajiri watu wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi. Karibu 2,500 walikufa. Masingasinga walikuwa wengi miongoni mwa mafundi: maseremala, wahunzi, waashi. Kambi yao mojawapo kubwa ilikuwa Makindu, kabla reli haijafika Nairobi mwaka 1899. Inasimuliwa pale kwamba jioni, baada ya kazi, Masingasinga, Wahindu na Waislamu walikuwa wakikusanyika chini ya mti na kuimba sifa za Mungu pamoja.

Umbali usio mkubwa kuelekea pwani kuna Tsavo, ambako mwaka 1898 simba wawili waliwala wafanyakazi wa reli usiku baada ya usiku. Mmoja wa waliochukuliwa alikuwa Ungan Singh, jemadari wa Kisikh, mtu wa miraba minne. Mhandisi Patterson alikiandika kifo chake, akieleza jinsi simba alivyoingiza kichwa hemani na kumshika shingoni. Niliyajua hayo kabla ya safari. Lakini yana uzito mwingine ukisimama mahali ambapo wenzake walikaa kuimba. Watu waliokuwa wakisikia simba gizani ndio walioamka kabla ya alfajiri, wakanawa kwa maji machache ya kambini, wakakaa kimya kulikumbuka Jina. Hawakungoja usalama kwanza.

Langoni nilivua viatu, nikanawa miguu na mikono, nikapewa kitambaa cha kufunika kichwa. Mlinzi, kijana wa Kikamba, aliniuliza swali moja tu: "Umekula?"

Ukumbi wa chakula una meza na mikeka, na hakuna kiti cha mheshimiwa. Siku ile walikuwapo madereva wawili wa malori, familia ya Kihindi iliyokuwa ikielekea pwani, wanafunzi waliovaa sare na bibi mmoja aliyekuja na mjukuu wake. Tukapewa chapati, dengu, mboga, wali na chai ya maziwa, sahani ni zilezile za chuma kwa wote. Nyama haipikwi, ili asiwepo mtu wa dini yoyote atakayekataa kula. Jiko hili la wote, langar, ni la tangu mwanzo wa Usikh. Masimulizi yanasema baba yake Nanak alimpa kijana wake rupia 20 akafanye biashara yenye faida, naye akazitumia kuwalisha watawa wenye njaa aliokutana nao njiani, akarudi nyumbani akisema hakuiona faida kubwa kuliko ile. Inasimuliwa pia kwamba mfalme Akbar alipokwenda kumwona Guru wa tatu, Amar Das, ilimbidi kwanza aketi chini na kula katika mstari mmoja na watu wa kawaida.

Baada ya kula niliomba kazi. Nikaonyeshwa jiko la nyuma. Mama mmoja mpishi, aliyefanya kazi pale kwa miaka, alinisukumia gunia la vitunguu. "Menya taratibu, mwanangu, hapa hatukimbizani." Karibu na karo alisimama mzee wa kilemba cheupe, fundi mstaafu aliyezaliwa Kisumu, Kiswahili chake cha kandokando ya ziwa kabisa. Alikuwa amekuja kujitolea kwa wiki kadhaa, na kazi aliyoichagua ilikuwa kuosha sahani. Midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti. Nilimjua mara moja, ingawa sikuwahi kumwona.

"Mzee, unalikumbuka Jina?"

Akacheka, maji yakimtiririka kwenye viwiko. "Nani kakufundisha kuuliza hivyo?"

Nikamweleza habari za Goma na yule askari. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: "Kesho saa kumi kasorobo. Oga kwanza."

Wakati huo Masingasinga huuita amrit vela, saa ya maji ya uhai, sehemu ya mwisho ya usiku kabla ya mapambazuko. Maji ya bomba yalikuwa baridi. Ukumbini taa zilikuwa chache. Giani, msomaji wa kitabu kitakatifu, alikwisha kukileta Guru Granth Sahib kutoka chumba kinapolazwa usiku na kukiweka juu ya mito chini ya dari ya kitambaa. Kitabu hicho kina kurasa 1,430, nacho huchukuliwa kuwa Guru aliye hai tangu Guru wa kumi, Gobind Singh, alipoagiza hivyo mwaka 1708 kabla ya kufa. Ndiyo maana kinaamshwa, kinalazwa, na kupepewa kwa usinga mweupe kama ilivyofanywa kwa wafalme.

Ikasomwa Japji, utungo wa Nanak ambao Singasinga aliyeshika dini huusoma kila asubuhi. Halafu ikaanza simran, kule kulikumbuka Jina. Kwanza kwa sauti, watu wote pamoja: Waheguru, Waheguru, neno la kumwita Bwana wa ajabu. Hakuna aliyeongoza kwa kelele. Wengine walilifuatisha na pumzi, nusu ikiingia nusu ikitoka. Baada ya muda sauti zikashuka zikawa mnong'ono, mnong'ono ukawa midomo tu, midomo nayo ikatulia. Mzee wangu alinieleza baadaye kwamba kuna hatua inayofuata, ambayo hailazimishwi: Jina linajisema lenyewe ndani ya mtu hata akiwa anaongea au amelala. Wanaofika mbali zaidi, mafundisho yanasema, husikia sauti isiyopigwa na mkono wowote, na mlango wa kumi hufunguka ndani yao, ukiacha ile tisa ya mwili tunayoijua sote, macho, masikio na mingine. Alinieleza hayo kwa unyenyekevu mkubwa, akisisitiza kwamba anayeyatangaza yaliyompata huwa ameyapoteza. Maguru hawakupenda miujiza. Nguvu za ajabu ambazo yogi wa zamani walizitafuta, Nanak aliziona ni ladha ya kando inayomtoa mtu njiani.

Mimi sikusikia sauti yoyote isiyopigwa. Nilisikia malori yakibadilisha gia barabarani. Nilisikia moyo wangu, na nilisikia Goma: milio ileile, ikija kwa mpangilio uleule. Nilipotaka kuisukuma ilizidi. Nilipolirudia tu Jina na kuiacha milio ipite, ilipita, ikarudi, ikapita tena. Sitadai zaidi ya hapo. Lakini kulipopambazuka sikuwa nimechoka, na kwa miezi kadhaa sikuwa nimeuona mwanga wa asubuhi bila uchovu.

Chai ilipotoka nilimuuliza mzee simran inatibu nini hasa. Akasema haitibu kelele. Inatibu haumai, ule umimi unaojiweka katikati ya kila jambo: shamba langu, heshima yangu, kabila langu, maumivu yangu kuliko yako. Guru Angad, aliyemrithi Nanak, alifundisha kwamba ni ugonjwa sugu, ila dawa yake haitafutwi mbali nao. Mtu anayelirudia Jina huku akijipenda anafanya zoezi la mapafu tu. Kwa hiyo ukitoka ukumbini unakwenda jikoni. Nguzo tatu ambazo kila mtoto wa Kisikh hufundishwa ni hizi: kulikumbuka Jina, kula jasho lako halali, na kugawana ulichonacho. Mzee alikunja vidole vitatu pamoja akanionyesha ngumi.

Hapa ndipo njia hii inapoachana na picha tuliyonayo wengi wetu kuhusu watu wa tafakuri, wale wanaokimbilia mapangoni na misituni. Nanak alizaliwa mwaka 1469 Talwandi, ambayo sasa iko Pakistan na inaitwa Nankana Sahib. Alikuwa mtunza ghala Sultanpur, ana mke na watoto wawili wa kiume. Masimulizi yanasema asubuhi moja aliingia mtoni kuoga akapotea siku tatu, na alipotoka alikuwa mtu mwingine, akitangaza kwamba mbele ya Mungu majina ya Mhindu na Mwislamu hayatenganishi watu. Alisafiri miaka mingi na rafiki yake Mardana, Mwislamu mpiga rababu. Inasimuliwa kwamba milimani alikutana na wachamungu waliojitenga, wakamuuliza dunia inaendeleaje huko chini, naye akawakemea: ikiwa ninyi mnaojiita wakamilifu mmejificha juu huku, nani ataiokoa? Na miaka yake ya mwisho, hadi alipofariki mwaka 1539, aliishi Kartarpur akilima. Alfajiri nyimbo, mchana jembe, jioni jiko la wote.

Japji yenyewe humpandisha mtu katika hatua tano, kutoka uwanja wa wajibu hadi uwanja wa kweli, anakokaa Asiye na Umbo. Katikati ya hizo kuna uwanja wa jitihada, ambako akili na fahamu za mtu hufinyangwa upya. Na ubeti wa mwisho kabla ya tamati umejengwa juu ya karakana ya sonara: tanuru, fuawe, nyundo, moto. Niliwaza juu ya wahunzi wa reli wakiusoma ubeti huo alfajiri, kisha kwenda kufua vyuma halisi.

Bado nilikuwa na swali nililolibeba kutoka Goma, na sikutaka kuondoka nalo. Masingasinga huamini kwamba vyote hutembea ndani ya hukam, amri ya Mungu, na kwamba hekima ni kukubaliana nayo. Nilimwambia mzee waziwazi: kama ni hivyo, yaliyotupata Januari nayo ni hukam? Watoto waliouawa vitandani mwao na risasi zilizopotea? Kama jibu ni ndiyo, mimi sina haja ya tafakuri hii.

Hakunijibu haraka. Aliweka kikombe chini, akaniuliza kama nimewahi kusikia Saidpur. Sikuwahi.

Saidpur, leo Eminabad nchini Pakistan, ulikuwa mji ambako Nanak alipenda kupumzika, katika nyumba ya Lalo, seremala maskini, ingawa matajiri wa mji walimwalika kwao. Mwaka 1521 Babar aliyekuja kuanzisha dola ya Wamughal alishuka na jeshi lake na kuuteka. Watu wakachinjwa, nyumba zikachomwa, wanawake wakachukuliwa. Masimulizi yanasema Nanak mwenyewe alikamatwa pamoja na mateka wengine, akalazimishwa kusaga nafaka. Na kuhusu siku hizo alitunga nyimbo nne ambazo zimo ndani ya Granth hadi leo, mmoja ukimwita Lalo kwa jina. Humo anawataja waliouawa, anaeleza hali ya wanawake waliovuliwa mapambo yao, anawashutumu watawala walioliacha taifa lao bila ulinzi kwa anasa. Kisha anamgeukia Mungu na kumuuliza kama kilio chote kile hakikumgusa.

"Huyo ndiye mwalimu wetu wa hukam," mzee alisema. "Aliuliza. Na alipokwisha kuuliza, asubuhi aliamka akakaa tena."

Nimelifikiria jibu hilo kuliko kitu kingine chochote nilichokipata katika safari ile. Kukubaliana na amri, kwa Nanak, hakukuwa kunyamaza mbele ya dhuluma wala kuiita dhuluma mapenzi ya Mungu ili watu wasisumbuke. Aliishuhudia, akaitaja, akalalamika mbele ya kiti cha juu kabisa, na bado hakuacha kukaa, kulima na kulisha. Utulivu wake ulijua harufu ya nyumba zinazoungua. Utulivu wa mtu asiyewahi kuiona vita unafundishika kwa urahisi, tena siku hizi unauzwa mijini kwa bei ya juu pamoja na godoro na mishumaa. Kwa watu kama sisi hauna msaada.

Jioni, kabla kitabu hakijafungwa, giani alinionyesha jambo jingine lililonigusa moyoni. Ndani ya Granth, kando ya tungo za Maguru, zimo za Sheikh Farid, Sufi wa tariqa ya Chishtiyya aliyeishi Punjab katika karne ya 13. Guru Arjan alipokikusanya kitabu mwaka 1604 aliziweka humo, pamoja na za Kabir mfumaji na za Ravidas fundi ngozi. Babu yangu mzaa mama alitoka Kasongo, Maniema, ambako tariqa ya Qadiriyya ina mizizi mirefu, na nilikua nikisikia zikiri yake usiku wa Alhamisi, ikianza taratibu kisha kupanda hadi ukuta wa udongo ukatetema. Kwa hiyo ilipoanza simran nilikuwa na mahali pa kuiweka. Lakini si kitu kimoja, na sipendi watu wanaozichanganya dini hadi zote zipoteze ladha. Zikiri ya babu ilipanda kuelekea moto, simran niliyoiona ilikuwa ikishuka kuelekea kimya. Babu angewaheshimu watu hawa, na asingebadili uradi wake hata neno moja. Kila mmoja yuko kisimani kwake.

Mzee alinitajia pia Kericho, nyanda za chai, ambako aliishi kwa miaka mingi Baba Puran Singh, mtu ambaye Masingasinga wengi wa Kenya humkumbuka kwa simran yake na kwa utumishi. Alihamia Uingereza, akaanzisha Birmingham jumuiya ya Guru Nanak Nishkam Sewak Jatha, kisha akafariki mwaka 1983. Kericho sasa kuna gurdwara kubwa kwa kumbukumbu yake. Nishkam maana yake pasipo kutaka malipo. Nilimuuliza mzee kama na yeye anaosha sahani pasipo kutaka malipo. Akafikiri. "Najaribu," akasema. "Siku nyingine nataka mtu aone. Siku hiyo narudia sahani zote."

Asubuhi ya kuondoka nilipokea kwa viganja viwili karah parshad, uji mzito wa unga, sukari na samli wa moto, ambao kila anayeingia hupewa sawa. Nikapanda basi la Nairobi.

Nimerudi Goma. Niliukuta mji pale ulipokuwa, uwanja wa ndege ungali umefungwa, na mimi bado huamka saa tisa. Tofauti ni kwamba sasa ninaoga, ninakaa, na kabla ya jua ninakwenda kwa majirani wawili ambao tumeanza nao kupika sufuria moja ya uji kwa watoto wa familia zilizorudishwa kutoka kambini bila kuwa na pa kurudi. Mmoja ni Mkatoliki, mwingine ni Mwislamu, kila mmoja anaomba kwa namna yake tunapokoroga. Hakuna aliyewabadilisha wala hakuna anayetaka.

Wewe unayepita barabara ya Mombasa, uwe dereva, mfanyabiashara au mtu aliyekimbia vita, simama Makindu. Mlango hauna kiingilio. Vua viatu, funika kichwa, usiingie na tumbaku wala pombe, kula chakula utakachopewa ukimalize, kisha nenda nyuma uulize kama kuna sahani za kuosha. Ukilala pale, amka saa kumi kasorobo.